Jiko lako, jiko langu: Wauza chakula washindani wakioana, nani afunge banda?

Na Mwandishi Wetu

BARABARA ya lami kutoka Lusahunga wilayani Biharamulo hadi mpaka wa Rusumo wilayani Ngara ina urefu wa kilomita 92. Ni kipande kifupi cha safari ndefu ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, lakini kinawalisha watu wengi wa wilaya hizi mbili.

Penye malori hapakosi moshi. Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, Rusumo na hata Kabanga kwenye mpaka wa Burundi, kote huko utawakuta mama lishe, baba lishe, wakaanga chipsi, wachoma mishkaki na wauza chapati.

Wote hao ni washindani. Wanamgombea dereva yule yule, utingo yule yule na abiria yule yule wa basi aliyepewa dakika kumi za kula. Anayepata sahani moja zaidi ameipunguza kwa jirani yake.

Lakini washindani hao ni binadamu, na wengi wao bado vijana. Wanaamka pamoja alfajiri, wanapigwa na mvua moja, na usiku wanabaki wao tu wakisubiri lori la mwisho. Si ajabu kwamba mapenzi huota hapo hapo, kati ya jiko na jiko.

Kuoana ni heri, na hakuna anayekataza. Swali ambalo kurasa za biashara huligusa mara chache ni hili: wauza chakula wawili waliokuwa wakishindana wanapoamua kuishi pamoja, biashara zao ziende wapi? Jibu likikosewa, kinachopotea ni mtaji wa mmoja wao, na mara nyingi ni mtaji wa mwanamke.

Ushindani unaogeuka uchumba

Tuchukue mfano wa dada anayepika wali, maharage na chapati, na kaka mwenye kabati la vioo anayekaanga chipsi. Mabanda yao yametenganishwa na kichochoro tu.

Mwanzoni hawapatani. Kaka akiona madereva wanakwenda kwa dada, anaongeza kachumbari bure. Dada akiona chipsi zinatoka, anashusha bei ya chapati. Kila mmoja anamnong'oneza mteja kwamba mafuta ya mwenzake ni ya juzi.

Halafu siku moja noti kubwa inaingia na chenji hakuna. "Kaka, nivunjie hii elfu kumi." Kesho yake kaka anaishiwa mkaa: "Dada, niazime kopo moja, jioni nitarudisha." Mvua kubwa inaezua bati la banda la dada, na anayepanda juu na nyundo ni yule yule mshindani.

Baada ya miezi michache madereva wameshaelewa. Waliozoea kumtania dada sasa wanamwita shemeji. Wazee wa pande zote mbili wanakutana, mahari inazungumzwa, na kwa kuwa njia ya malori ina hatari zake, wawili wanakwenda pia kupima afya zao pamoja.

Mpaka hapo kila kitu ni kizuri. Tatizo huanza wiki ya kwanza baada ya harusi, wakati wa kurudi kazini.

"Mke wangu hawezi kukaa barabarani"

Kinachosikika mara nyingi ni kauli ya aina hii. Mwanamume anaona haya mke wake kuendelea kuzungumza na madereva usiku. Mama mkwe naye anauliza kwa nini bibi harusi apike kwenye banda lake wakati mumewe ana banda.

Hapo uamuzi unapitishwa bila kikao. Dada anafunga. Sufuria zake zinahamia kwa mume, meza na viti vinahamia pia, na akiba aliyokuwa nayo inanunua karai kubwa na mafuta. Tangu siku hiyo yeye ni "msaidizi" katika biashara ambayo nusu yake ilikuwa yake.

Hakuna aliyeandika popote alileta nini. Wakati wa mapenzi kuandika huonekana kama kutoaminiana.

Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, na kila msomaji anaweza kuweka zake. Tuseme dada alikuwa anapata faida ya Sh14,000 kwa siku, na kaka Sh16,000. Kabla ya kuoana, mabanda mawili yalitoa Sh30,000.

Wakiunganisha kuwa banda moja, wengi hudhani faida itabaki Sh30,000 au itaongezeka kwa kuwa kodi ni moja. Mara nyingi haiwi hivyo. Banda lililoachwa wazi halibaki wazi. Mtu wa tatu ataingia humo ndani ya siku chache, atawasha jiko na kuanza kugawana wateja nao.

Tuseme banda lao moja sasa linatoa faida ya Sh22,000. Wamepoteza Sh8,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni Sh208,000 kwa mwezi. Wamemfungulia mlango mshindani mpya, na hawakupata chochote kwa kumpisha.

Iko sababu nyingine. Dereva husimama penye moshi mwingi. Mahali penye mabanda matano anaamini atapata anachotaka, na kikiisha huku atavuka kule. Mahali penye banda moja anapita. Washindani wawili walio jirani huitiana wateja bila kujua, na wakioana faida hiyo inakuwa yao wote wawili. Kufunga jiko moja ni kuitupa.

Wakati gani kuunganisha kuna faida

Si kwamba kuunganisha ni kubaya siku zote. Kuna hali ambazo banda moja ni bora.

Hali ya kwanza ni pale ambapo saa za kazi hazigongani. Supu, chai na chapati zinauzwa alfajiri hadi saa nne. Chipsi na mishkaki zinaanza jioni. Banda moja linaweza kufanya kazi zamu mbili, kodi ikalipwa mara moja, na kila mmoja akabaki na daftari lake.

Hali ya pili ni pale mmoja anapojifungua au kuugua. Afadhali jiko moja linalowaka kuliko mawili yaliyozima.

Hali ya tatu ni pale eneo lenyewe limedorora na hata washindani wengine wanahama. Hapo mmoja anaweza kubaki na mwingine akahamia kituo kingine, kwa mfano mmoja Nyakahura na mwingine Benaco, badala ya kubanana mahali pamoja.

Lakini kwa walio wengi, njia nzuri ni ya katikati: kununua pamoja, kuuza kila mtu kwake. Mafuta, mchele, mkaa na vitunguu vinunuliwe kwa pamoja kwa bei ya jumla. Nauli ya mzigo inakuwa moja badala ya mbili. Mabanda yanabaki mawili, majina mawili na mapishi mawili.

Wajihadhari na jambo moja. Wakishaoana, wasikubaliane kupandisha bei kwa kuwa sasa hawashindani. Madereva wana simu, na wanaambiana. Wakiona Lusahunga pamepanda, watavumilia njaa hadi Nyakahura.

Sheria inasemaje?

Wengi wanaamini kwamba mwanamke akiolewa, mali yake inakuwa ya mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza.

Sheria hiyo inasema pia kwamba ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, isipokuwa kama wanandoa wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo sufuria za dada zilizoingia kwa kaka siku ya harusi bado ni za dada, mradi aweze kuonyesha kwamba zilikuwa zake.

Mali ikiwa kwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kuichukulia kuwa ni yake peke yake. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, huanza kwa kuchukulia kuwa wanagawana sawa. Dhana zote mbili zinaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuleta ushahidi huo. Ndiyo maana jina lililo kwenye mkataba wa kupanga banda na kwenye risiti si jambo dogo.

Zawadi nazo zina hesabu yake. Mume akimpa mke kabati la chipsi kama zawadi wakiwa katika ndoa, sheria huchukulia kuwa kuanzia hapo ni la mke. Kama amemwazima tu au wamechangia, basi waseme hivyo mapema.

Ndoa ikivunjika, Mahakama ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja. Kabla ya kufika huko kuna baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo kwa kawaida shauri la talaka lazima lipitie kwanza.

Kesi inayotajwa sana ni ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia, hata kama hakuleta fedha taslimu. Uamuzi huo umewasaidia wanawake wengi tangu wakati huo.

Kuna sehemu ya kesi hiyo ambayo husahaulika. Bi. Hawa mwenyewe hakupata mgawo aliouomba. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwishampa fedha kwa ajili ya mradi naye akazitumia vibaya. Kwa mfanyabiashara, funzo liko pande zote mbili: kazi yako ina thamani, na fedha uliyokabidhiwa itaulizwa ilikwenda wapi.

Wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa nao wasijione wako nje. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, sheria huchukulia kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jambo hilo lina uzito katika vituo vya barabarani, ambako wengi huanza maisha kwa kuhamia tu.

Mtaji uliotoka shambani

Katika wilaya hizi, mtaji wa mama lishe mara nyingi hautoki benki. Umetoka kwenye gunia la maharage, kahawa, mbuzi wawili, au kipande cha shamba alichopewa na wazazi.

Mkoa wa Kagera una kesi yake maarufu kuhusu suala hili. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akapinga akisema mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza iliamua kwamba mila hiyo ilikuwa inakwenda kinyume na haki za binadamu zilizomo katika Katiba, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Dada aliyeuza shamba akafungua banda ameleta ardhi yake ndani ya biashara. Akikubali banda hilo limezwe bila maandishi, amepoteza shamba mara mbili.

Jambo hilo huonekana zaidi mume anapofariki. Ndugu wakija kuhesabu mali, kila kitu kilichomo kwenye banda kitaitwa cha marehemu. Mjane asiye na hata karatasi moja atabaki akisimulia, na simulizi ni ushahidi dhaifu mbele ya shemeji waliokwisha kupakia vitu kwenye gari.

Barabara moja, mifuko miwili

Liko jambo la mwisho ambalo wapenzi hawa wanapaswa kulifikiria. Wote wawili wanategemea barabara moja. Barabara ikiyumba, mifuko yote miwili inatoboka siku ile ile.

Ngara inaijua hali hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi wakikimbia mauaji, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa kama mji. Biashara ya kila aina ikazuka. Desemba 1996 wakimbizi hao wakarudishwa kwao, na ndani ya wiki chache wateja wakawa hawapo.

Mwaka 2016 daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa rasmi. Badala ya lori kukaguliwa upande wa Tanzania na tena upande wa Rwanda, ukaguzi unafanyika mahali pamoja. Kwa mwenye mzigo hiyo ni neema. Kwa mkaanga chipsi, lori linaloondoka mapema ni sahani moja pungufu.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Rwanda iliweka utaratibu wa kubadilisha madereva mpakani, na malori yakakwama Rusumo hadi nchi hizo mbili zilipokubaliana. Mteja wa barabarani anaweza kuongezeka au kutoweka kwa tangazo moja tu.

Kwa hiyo familia yenye mabanda mawili ijiwekee mguu wa tatu nje ya barabara. Hapa wilayani mguu huo ni shamba.

Maharage yanayoliwa bandani yanaweza kutoka kwao wenyewe. Kagera ina misimu miwili ya mvua, kwa hiyo maharage huvunwa mara mbili kwa mwaka. Bei hushuka wakati wa mavuno na kupanda baadaye. Anayenunua au kuhifadhi magunia machache wakati wa mavuno, akayakausha vizuri na kuyaweka kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa ili yasibunguliwe, hatalia bei inapopanda.

Ndizi, nyanya, vitunguu na mchicha nazo hazina haja ya kununuliwa zote. Maganda ya viazi na makombo yanalisha nguruwe au kuku. Namna hiyo mmoja anaweza kuwa zaidi upande wa shamba na mwingine zaidi upande wa jiko, bila yeyote kuwa mfanyakazi wa mwenzake.

Mambo ya kufanya kabla ya harusi

Kwanza, kila mmoja aandike orodha ya alichonacho: sufuria, meza, kabati, jiko, akiba na madeni. Msisahau madeni. Anayedaiwa na muuza mchele aseme sasa, asisubiri mdai aje mlangoni wakati wa fungate.

Pili, orodha hizo zisainiwe na wote wawili mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na kila mmoja abaki na nakala. Wasaidizi wa kisheria waliopo katika maeneo mengi wanaweza kusaidia kuiandika vizuri.

Tatu, amueni kama ni biashara mbili au ubia. Kama ni ubia, andikeni nani ameleta kiasi gani, faida itagawanywaje, na mmoja akitaka kutoka itakuwaje. Kumbukeni kwamba katika ubia deni la biashara linawabana wote, hata kama aliyelikopa ni mmoja.

Nne, leseni, vitambulisho na mikataba ya kupanga visibadilishwe jina kwa haraka. Kabla ya kuunganisha mauzo ulizeni ofisi ya TRA, kwa sababu mauzo ya watu wawili yakiingia kwenye jina moja yanaweza kuwapeleka kwenye kiwango kingine cha kodi.

Tano, dada asijitoe kwenye kikundi chake kwa sababu ameolewa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimama mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hutolewa kupitia vikundi, na asilimia nne ni ya wanawake. Kikundi ni mlango ambao mume hawezi kumfungulia.

Sita, kila banda liwe na daftari lake, na kuwe na mfuko wa tatu wa nyumbani ambao wote wanachangia kwa kiwango walichokubaliana. Chakula kinachotoka bandani kwenda nyumbani kiandikwe pia. Familia nyingi zimekula mtaji zikidhani zinakula faida.

Kwa wazazi na wakwe, ombi ni moja. Mnapomkaribisha binti aliyekuwa anajitegemea, mmepokea mtu mwenye biashara. Kumfungia jiko lake ni kuipunguzia familia yenu kipato.

Na kwenu wachumba mnaosoma ukurasa huu mkiwa nyuma ya karai: jioni moja lori la mwisho likishapita, kabla ya kumwaga maji kwenye mkaa, kaeni na daftari na kalamu. Kila mmoja ataje alichonacho mwenzake akisikia. Mkimaliza ukurasa huo bila kugombana, kapangeni tarehe ya harusi.